Fatiha Niliyoiandika Kuwa Kura

Kwako Mwanasiti, wa kwanza kutoka tumboni mwangu na wa mwisho kuamka katika nyumba hii,

Nakuandikia baada ya sala ya alasiri, nimekaa barazani na mlango nimeurudisha. Wewe umekwenda Mwabungo kumuaga bibi yako, na mimi mamangu namjua, hatakuacha uondoke mpaka ule mara mbili na ufungiwe vya njiani. Kwa hivyo nafasi ninayo. Barua hii utaikuta juu ya mto wako. Isome leo, usiitie mkobani ukasema utaisoma kwenye basi, kwa sababu kuna neno nataka unijibu kesho kabla hujaondoka.

Mambo ya sweta, ya dawa ya malaria na ya kutolala na simu sikioni sitayagusa. Nimekwisha kukupigia kelele wiki nzima na umeniitikia "ndiyo mama" kwa ile sauti yako ya kumnyamazisha mtu. Unakwenda Nairobi kusoma sheria, na huko watakuwapo wa kukukumbusha kuvaa sweta. Wa kukueleza hili hawatakuwapo.

Nataka kuzungumza juu ya kile kiapo.

Ni wiki tatu sasa tangu nilipokukalisha chumbani kwangu, nikauteremsha Msahafu, nikakwambia uweke mkono. Ulinitazama ukidhani natania. Nikakuapisha kwamba huko uendako hutasimama kwenye mkutano wa mtu, hutaandika simuni neno la kumkosoa kiongozi yeyote, wala hutatia mguu kwenye maandamano. Ukaapa. Machozi yalikutoka lakini uliapa, kwa sababu ni mimi niliyekuomba. Nilikwambia nakuogopea, kwamba vijana wenye mdomo wanachukuliwa mchana kweupe na magari yasiyo na namba, na wazazi wao wanazunguka vituo vya polisi na picha mkononi. Hilo lilikuwa kweli. Ila halikuwa kweli yote, mwanangu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyoninyima usingizi. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nimekwisha zaa, basi sina cha kuficha.

Unajua jinsi mjomba wako Hamadi alivyoingia uenyekiti wa kamati ya maji. Ulikuwa darasa la sita, pampu imekufa mwaka mzima, na wanawake wa kijiji hiki tulikuwa tunakunywa maji ya chumvi kama samaki. Yeye ndiye aliyestaafu kutoka hoteli ya Diani akiwa fundi wa mitambo ya maji, akavua shati, akaitoa ile mipira na vyuma siku mbili bila kudai shukrani. Siku maji yalipotoka tulimpigia vigelegele. Tukafanya uchaguzi, tukampa kura zetu kwa moyo mkunjufu, na mimi wakanifanya katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilijiona! Nilinunua na kalamu mpya.

Usinielewe vibaya, sikuandikii kumtukana. Hamadi ni ndugu yangu, mwana wa mama mkubwa. Baba yako alipofariki, ni yeye aliyeshuka kaburini kumpokea. Na kwetu sisi mjomba si mtu wa kubishana naye, mjomba ana neno hata kwenye posa yako. Nilimpenda, nampenda hata leo. Ndiyo maana nataka uelewe kwamba mambo haya hayaletwi na watu wenye pembe kichwani.

Alianza kwa ufunguo. Pampu ilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa unakaa zamu kwa zamu, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Siku moja mtu akaupoteza, Hamadi akasema, "Basi ukae kwangu, kwa usalama." Nani angekataa? Ilikuwa ni kutusaidia. Halafu mikutano ya kila mwezi ikawa ya kila miezi mitatu, kwa sababu watu wana shughuli. Halafu mweka hazina akauliza swali akaambiwa ana dharau, akaondolewa, akawekwa mtu asiyeuliza. Kila moja nililiandika kitabuni kwa mwandiko wangu mzuri, na kila moja peke yake lilikuwa jambo dogo la kupita.

Ikafika miaka mitatu, na katiba yetu ya kamati, ile niliyoiandika mimi mwenyewe kwa mkono, inasema baada ya miaka mitatu ni uchaguzi. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza, uko bweni. Tulikutana uani mwa madrasa Ijumaa baada ya sala, watu wengi sana, kwa sababu ilijulikana kwamba kuna wawili wengine wanataka kiti. Hamadi akasimama na kofia yake nyeupe, akazungumza vizuri kama kawaida yake.

"Ndugu zangu, wiki ijayo wafadhili wanakuja kutazama kisima cha pili. Leo tukianza kupigiana kura, huyu na huyu, wakija watatukuta tumegawanyika. Mimi uchaguzi siukatai. Nasema si wakati wake. Au vipi?"

Watu wakanyamaza. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema la. Unawajua watu wetu, Siti, tuna haya. Kumpinga mtu mzima hadharani ni kama kumvua nguo. Na kabla kile kimya hakijapata mtu wa kukivunja, Hamadi akasema, "Basi alhamdulillahi. Tusome Fatiha."

Na Fatiha ikisomwa, Muislamu atafanya nini? Mikono ikainuka yote, viganja juu, uwanja mzima. Tukasoma, tukasema amin, tukajipangusa nyuso. Mambo yetu yote tunayafunga hivyo, ndoa, safari, hata kununua ng'ombe. Fatiha ikishasomwa, anayerudi nyuma kusema "lakini" anaonekana kama aliyemtemea mate sheikh.

Watu walipoanza kutafuta viatu vyao, Hamadi alinijia pale mezani. Alisema taratibu, kwa upole kabisa, "Dada, mikono umeiona. Iandike."

Nikamuuliza, "Niandike vipi?"

"Andika ulichokiona. Kwani hawakuinua mikono?"

Nikaandika. Mpaka leo maneno yako kitabuni, unaweza kuyasoma: "Wanachama wote waliinua mikono kukubali mwenyekiti aendelee, isipokuwa mmoja."

Isipokuwa mmoja. Hapo ndipo moyo wangu unapopasuka kila nikikumbuka, kwa sababu huyo mmoja alikuwa Kadzo.

Kadzo, mama yao wale watoto uliokuwa ukiruka nao kamba hapa nje. Yule ametoka bara, upande wa Kinango, ni Mkristo, na Fatiha inaposomwa yeye hukaa kwa adabu, mikono mapajani, kichwa ameinamisha, anatuheshimu kuliko sisi tunavyojiheshimu. Hakukataa chochote siku ile. Hakusema neno. Mimi nililijua hilo, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Lakini nilitaka maandishi yangu yawe ya kweli kidogo, unaona upumbavu wa mtu? Nilikuwa naandika uongo mkubwa, nikatafuta kaukweli kadogo ka kuupamba, na hako kaukweli ndiko kalikomchoma mwenzangu.

Maana Hamadi alilisoma lile neno. Na kiongozi aliyepata wote kasoro mmoja, hao wote hawaoni tena, anamwona yule mmoja. Haikupita mwezi, Kadzo akawa "yule anayepinga maendeleo". Dumu lake likisogezwa nyuma ya foleni, halafu nyuma zaidi. Halafu pampu ikifungwa ikifika zamu yake. Halafu likatoka neno ambalo halikuwahi kutamkwa kijijini kwetu, kwamba yeye ni mgeni, na wageni wasubiri wenyeji watosheke. Miaka kumi na saba amekaa hapa, wanawe wamezaliwa hospitali ya Msambweni, na leo mgeni. Akaanza kwenda kuteka maji kule bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, dumu kichwani. Akipita hapa nje alikuwa akinisalimu, "Habari za asubuhi, mama Siti." Nami nikiitika, huku maji ya pampu yamejaa pipani mwangu.

Ugonjwa huu unaambukiza, nakwambia. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alipoona Hamadi amefaulu, naye akasema uchaguzi utatugawa. Wa kijiji cha pili wakaja kumtembelea Hamadi, wakanywa chai, wakaenda kufanya vile vile kwao. Hata Bi Mwanakombo wa kikundi chetu cha maulidi, mwanamke wa kupika kaimati tu, akatangaza kwamba muhula wake anauongeza "kwa sababu ya hali ilivyo". Hali gani? Ya kaimati? Tulicheka, lakini yuko mpaka leo.

Ndipo nikawa nasikiliza redio kwa sikio jingine. Nchi hii rais amebadilisha katiba apate muhula mwingine, nchi ile wamezima mtandao siku ya kupiga kura, nyingine wamemfunga mgombea, wanasema ni mhaini. Zamani nilikuwa nikisikia nasema hao ni watu wabaya huko mbali. Sasa nikisikia najiuliza, nani aliyekuwa katibu? Nani alikuwa na mwandiko mzuri? Kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukalia kiti peke yake. Lazima awepo wa kuandika, na wa kutunza ufunguo, na wa kukaa kimya kwa sababu ana haya, na wa kusema "si wakati wake". Wote hao ni watu wa kawaida, wana watoto, wanasali.

Unakumbuka ile siku nakata vitunguu jikoni na wewe unanisomea kutoka simuni? Ulisema, "Mama, siku hizi hawapindui nchi kwa bunduki. Wanapindua kwa karatasi." Nikajifuta macho nikasema vitunguu vikali. Havikuwa vitunguu.

Sasa tufike kwenye mkutano wa mwezi uliopita. Nilikuwa pale mezani na kitabu changu. Wewe ukasimama, mwembamba kama ufagio, umejitanda vizuri, ukasema, "Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu." Wakaitika marahaba. Nikajisikia fahari. Ukauliza, "Naomba kujua mama Kadzo alikosa nini. Na uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na kura zilihesabiwa na nani?"

Hukupandisha sauti hata kidogo. Na mjomba wako hakukasirika. Alitabasamu akasema, "Swali zuri, mwanangu. Muulize mamako. Kitabu anacho yeye."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nawe ukanigeukia, na usoni mwako kulikuwa na imani yote, ulikuwa umepata shahidi wako. Nami nikasema, "Kaa chini, Mwanasiti."

Ulikaa. Hukuniuliza kitu njiani, hukuniuliza nyumbani. Ungelinipigia kelele ningelipata nafuu.

Kesho yake asubuhi, wewe umekwenda dukani, Hamadi alikuja. Nilimpa chai na muhogo. Akanywa taratibu, akasema, "Dada, mtoto wetu ana akili. Lakini Nairobi si hapa. Huko wenye maswali wanaokotwa. Mimi ni mjomba wake, sitaki siku moja tuwe tunamtafuta. Mfunge mdomo mapema." Alisema kwa huruma, Siti, na nadhani alikuwa na huruma kweli. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Alipoondoka ndipo nikauteremsha Msahafu.

Basi ile nusu ya ukweli niliyokuficha ni hii. Nilikuapisha kwa kukuogopea wewe, na nilikuapisha kwa kujiogopea mimi. Niliogopa siku utakayouliza tena, na jibu likawa ni mama yako. Nikatumia kitabu cha Mwenyezi Mungu kukufunga mdomo, kama Hamadi alivyoitumia Fatiha kuufunga wa kijiji. Nilimlaumu miaka minne, na siku yangu ilipofika sikukawia hata dakika. Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea, na nimekukosea nikijua.

Jana nilikwenda kwa Kadzo. Nilimkuta anapukuchua mahindi, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, la mikono, la "isipokuwa mmoja". Hakuacha kupukuchua.

Akasema, "Najua. Nilikuona ukiandika. Halafu ukaniangalia, ukainama."

"Kwa nini hukuniuliza miaka yote hii?"

"Ningekuuliza ungenidanganya. Maji nilikuwa nimeyakosa tayari, mama Siti. Sikutaka nikukose na wewe."

Nililia pale kama mtoto. Yeye akanipa mahindi nimsaidie kupukuchua, akasema kulia kwa mikono mitupu ni kazi bure.

Ninalolijua sasa ni kidogo, na nililipata kwa bei mbaya. Siku ambayo ningeweza kusema ilikuwa ile Ijumaa, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Ingenigharimu aibu ya siku moja. Ningesema, "Kaka, hiyo ilikuwa dua, kura bado." Watu wangeguna, tungepiga kura, na labda angeshinda kwa haki, maana watu walikuwa bado wanampenda! Nilingoja, na kila mwezi niliongoja bei ikapanda. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sasa mimi niko hapa nakoroga udongo.

Sikuambii uwe shujaa. Mashujaa wana mama zao, na mimi sitaki kuwa mama wa shujaa, nataka kuwa mama wa mtu aliye hai anayekuja likizo na nguo chafu. Ogopa. Hofu si dhambi, imewekwa itulinde. Ila usimruhusu mtu mwingine akuchagulie la kuogopa, hata akiwa ni mtu anayekupenda, hata akiwa ni mimi. Na ukiwa mwanasheria siku moja, ukiwekewa karatasi mbele wakakwambia kwa upole "andika ulichokiona", mkumbuke mamako, uulize kwanza wale watu walikuwa wanafanya nini.

Jumapili kuna mkutano, nimeuitisha mimi katibu bila kungoja miezi mitatu. Nimekwisha mwambia Hamadi kwamba nitakisoma kile kitabu kwa sauti, ukurasa ule, na nitaeleza kilichotokea, kisha nitaomba uchaguzi. Aliondoka bila kumaliza chai. Huenda Jumatatu nami nikaanza safari ya bondeni na dumu. Kadzo amesema njia anaijua vizuri na mazungumzo yatakuwepo. Hilo ni langu, usibaki nalo moyoni huko uendako.

Lililo lako ni kiapo. Leo asubuhi nilikwenda kwa ustadhi wa madrasa, nikamuuliza bila kukutaja. Akaniambia kiapo cha kumzuia mtu asiseme haki si kiapo cha kung'ang'aniwa. Mwenye kiapo anaweza kujivua, na kafara yake ni kulisha masikini kumi. Nikamuuliza, je, mama anaweza kuwalisha kwa niaba ya mwanawe? Akasema yafaa, na yafaa hata kabla mtu hajakivunja, lakini kwa sharti moja. Lazima mwenye kiapo aridhie mwenyewe. Mama hawezi kumridhia.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza sharti hilo. Ningeweza kupika tu, nikakwambia baadaye. Ndivyo ninavyofanya mambo yako yote, nakuamulia halafu nakuarifu, nawe unasema "ndiyo mama". Safari hii sitafanya hivyo. Ukiona kiapo kinakupa amani huko ugenini, baki nacho, na wallahi sitakuuliza sababu wala sitakupenda pungufu. Ukiona kinakukaba, nifungulie mlango.

Mchele nimeuchambua. Nazi ziko, na samaki nimeagiza. Masikini kumi nawajua kwa majina, na Kadzo ameniahidi atakuja kukuna nazi. Kilichobaki hakiko mikononi mwangu.

Kesho tutakuwa na mizigo na kelele na majirani, na sote wawili tutajifanya hatulii. Sitaki maneno mengi. Kama umeridhia, kabla hujapanda nisikie kwa sauti yako mwenyewe: "Mama, pika."

Akupendaye na akuombaye radhi,
Mamako